Baba alikuwa baharia wa injinirumu, sasa kifua chake hakiishi kujaa maji. Ni TB au ni asbesto?

BintiMkoani

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Naandika kutoka Mkoani, Pemba. Namtafuta mwenye kuelewa anisaidie, nimechoka kusikia kila mtu na lake.

Ni habari ya baba yangu mzazi, umri wake miaka 76. Tangu Mfunguo Tatu alianza kuchoka, tukasema ni uzee. Kisha ikawa akitoka msikitini anapumzika njiani, naye si mtu wa kupumzika njiani. Ukaja ubavu wa kulia, unambana hata akilala, na kanzu zake zote zikaanza kumpwaya.

Tulimpeleka hospitali, akapigwa picha ya kifua, ikaonekana upande wa kulia umejaa maji. Wakamtoa kwa sindano zaidi ya lita moja, mekundumekundu. Makohozi yakapimwa, hakuna TB. Maji yenyewe yakapimwa kwenye ile mashine ya TB, hakuna. Lakini tukaambiwa maji ya kifua huku kwetu aghlabu ni TB hata isipoonekana, akaanzishiwa dawa. Sasa yuko mwezi wa nne na hajaruka hata siku moja. Maji yalirudi, yakatolewa, yakarudi tena.

Juzi tumevuka naye Unguja kwa CT-scan. Daktari mmoja kijana aliiangalia picha kwa muda, halafu hakuuliza habari ya kikohozi. Akauliza, "Mzee, ujanani ulikuwa ukifanya kazi gani?" Baba akasema baharia. "Upande gani wa meli?" Injinirumu, yaani chumba cha mashine. Hapo ndipo akatueleza kuwa utando unaofunika pafu umenenepa na una madonge, na akataja saratani inayoitwa mesothelioma, inayoletwa na vumbi la asbesto. Anataka baba akatwe kinyama ndani ya kifua kikapimwe.

Baba aliondoka Pemba 1969 akapitia Mombasa, akapata meli za Waingereza, kazi yake grisa, kutia mashine mafuta. Baadaye akateremka Cardiff akafanya kazi ya kutengeneza meli mpaka 1983, ndipo akarudi nyumbani kwenye mikarafuu yake. Tulipokuwa wadogo alikuwa akitusimulia kuwa vitanda vyao melini vilikuwa chini ya mabomba ya stimu, na mashine ikitikisika unga mweupe ulikuwa ukidondoka mpaka kwenye mito. Asubuhi wanakung'uta mashuka, wanakwenda kazini. Sisi tulikuwa tukicheka.

Sasa naomba kuelezwa. Kitu cha miaka zaidi ya 40 iliyopita kinawezaje kumuuma mtu leo? Kaka yangu anamlaumu baba kwa sigara zake za zamani, je, ndizo? Na huko kukatwa kinyama kwa umri wake kuna faida gani? Mwenyewe anasema hatobolewi tena. Mama yangu naye kaingiwa na khofu, maana baba aliporudi likizo alikuwa akija na begi la ovaroli chafu na mama ndiye aliyezifua.

Na kuna jambo linaniuma zaidi ya yote. Kwa sababu ya hiyo TB, baba ametengewa kikombe chake, sahani yake na mkeka wake. Anakula peke yake barazani. Hajalalamika, lakini wajukuu wakipita karibu anageuza uso asije akawapumulia.

---

Pakacha_Wete

Wa alaykum salaam dada. Mungu amponye mzee. Ushauri wangu, mpelekeni kwa mtu mwenye elimu apigiwe kombe, na asubuhi apewe habbasoda na asali. Kumchoma na kumkata mzee wa miaka 76 ni kumharakisha tu. Na hizi habari za asbesto mimi zinanishangaza. Sisi skuli tumesoma chini ya mapaa ya asbesto, nyumba za wazee wetu zina asbesto, mbona tuko hai?

---

MuuguziMstaafu

Wa alaykum salaam mwanangu. Mpe mzee salamu zangu, mwambie kuna mtu Unguja anamwombea. Mimi ni muuguzi, nimestaafu, lakini miaka yangu mingi ya kazi niliifanyia Portsmouth, Uingereza, kliniki ya kifua. Portsmouth ni bandari ya manowari, na wagonjwa wetu wengi walikuwa wazee wa yadi ile, mafundi wa boila, mafundi wa mabomba, maseremala wa meli. Swali la yule daktari kijana ndilo swali tulilokuwa tukianza nalo sisi. Mshukuruni, maana lingeweza lisiulizwe.

Nianze na sahani, kwa sababu hilo halihitaji kungoja kipimo. Mrudisheni mzee kwenye sinia leo. Kama ni mesothelioma, haiambukizi kwa namna yoyote, si kwa pumzi, si kwa kikombe, si kwa kulala chumba kimoja. Na hata ingekuwa TB, mtu ambaye makohozi yake hayana vijidudu na yuko mwezi wa nne wa dawa hana sababu ya kutengwa. Waite wajukuu wakae naye. Nimeona wanaume waliovumilia maumivu ya ubavu wakashindwa kuvumilia kukwepwa na watu wao.

Sasa ugonjwa wenyewe. Pafu limefunikwa na utando mwembamba, na ukuta wa kifua kwa ndani una utando wa namna hiyohiyo, na baina yake kuna majimaji kidogo ya kulainisha ili pafu liteleze mtu akivuta pumzi. Mesothelioma huanzia kwenye utando huo, haianzii ndani ya pafu. Ndiyo maana mgonjwa hakohoi sana, hatoi makohozi mengi. Anajaa maji, anabanwa pumzi, ubavu unauma, anakonda. Inaweza kuanzia pia kwenye utando wa tumbo, lakini ya kifua ndiyo iliyo nyingi.

Asbesto ni jiwe linalochimbwa ardhini, ila jiwe lake limejengeka kwa nyuzinyuzi. Haliungui, halipitishi joto, bei yake ilikuwa rahisi, na kwa hivyo meli za zamani zilijazwa asbesto kila pahala penye moto. Mabomba ya stimu yalivikwa, boila zikakandikwa, gasketi za kuzibia maungio ya mabomba zikakatwa kutokana nayo. Fundi akitaka kutengeneza bomba sharti kwanza abomoe lile vazi la zamani, na hapo chumba kizima hugeuka vumbi. Wagonjwa wangu walisimulia kuwa walipokuwa vijana wa kujifunza kazi walikuwa wakirushiana madonge ya asbesto mbichi kwa mchezo. Unga aliouona baba yako kwenye mto ndio huo. Tena ule unaoonekana si wa kuogopwa zaidi. Nyuzi za hatari ni nyembamba kiasi cha kutoonekana kwa jicho, zinavutwa na pumzi mpaka mwisho wa njia za hewa, na nyingine zinafika kwenye utando.

Zikishafika, mwili hauna uwezo wa kuziyeyusha, khasa za zile aina zinazoitwa asbesto ya bluu na asbesto ya kahawia. Seli za ulinzi zinajaribu kuzimeza, zinashindwa, na pahala pale panabaki na uvimbe mdogo usiopoa, mwaka baada ya mwaka. Seli za utando zinaumia, zinajitengeneza upya, zinaumia tena, mpaka siku moja mojawapo inaharibika vinasaba na kuanza kuzaana ovyo. Hilo huchukua baina ya miaka 20 na 50, na wengi ni baada ya 30. Kwa hiyo miaka 40 ya mikarafuu haiondoi kitu, mwanangu. Huo ndio mwendo wa maradhi haya yenyewe. Na ndiyo sababu familia nyingi haziunganishi mambo mawili, kwani aliyeugua leo ni mkulima, na baharia alikuwa kijana wa siku zile.

Sigara? Mwambie kaka yako amwache baba. Sigara hazisababishi mesothelioma. Mtu aliyevuta asbesto na sigara pamoja, hatari yake ya saratani ya pafu lenyewe hupanda vibaya sana, na hiyo ni saratani nyingine. Hii ya utando inawapata waliovuta na wasiovuta. Baba yako alikwenda kutafuta riziki ya watoto wake, na vumbi alilipata kazini. Hana la kulaumiwa.

Kuhusu TB, siwalaumu waliomwanzishia dawa. Kwetu maji ya kifua mara nyingi kweli ni TB, na ile mashine haiioni vizuri kwenye maji ya kifua. Lakini nataka mjue kisa kimoja, maana ni kisa cha baba yako hasa. Miaka ya 1950 huko Kimberley, Afrika Kusini, Daktari Sleggs alikuwa akisimamia hospitali ya TB. Akaona ana wagonjwa wa maji ya kifua wanaopona kwa dawa za TB, na ana wengine wasiopona hata wakimaliza dawa zote. Alipotazama wametoka wapi, wale wasiopona walikuwa wanatoka upande wa magharibi, kwenye nchi ya migodi ya asbesto ya bluu. Yeye na wenziwe, Daktari Wagner aliyekuwa akipima vinyama na Daktari Marchand, wakaandika ripoti mwaka 1960 yenye wagonjwa 33. Karibu wote walikuwa na uhusiano na asbesto, na si wote waliochimba. Wengine waliishi tu karibu na mgodi, wengine utotoni mwao walicheza kwenye vifusi vyake. Dunia ilianza kuuamini ugonjwa huu tokea hapo. Na chanzo kilikuwa daktari wa TB aliyejiuliza kwa nini huyu haponi.

Basi nanyi jiulizeni hivyo hivyo. Maji yanayorudi na kurudi mtu akiwa kwenye dawa kamili, vipimo vyote vya TB havioni kitu, utando umenenepa na una madonge, na kazi ya mtu ilikuwa injinirumu. Hayo yakikutana hayaachwi yangoje dozi iishe.

Lakini dawa za TB msizikatishe wenyewe nyumbani. Daktari ndiye aamue, akishapata jibu la kinyama. Mtu anaweza kuwa na yote mawili.

Sasa hicho kinyama. Maji peke yake, hata yakipelekwa maabara kutafutwa seli za saratani, mara nyingi hayatoi jibu la mesothelioma. Tena seli zake hufanana na seli zilizokasirishwa na maradhi mengine, na hufanana pia na saratani ya pafu. Sharti daktari wa maabara apate kipande cha utando chenyewe, akipake rangi maalumu za kutambua asili ya seli. Bila hivyo mtabaki mnakisia, na kila mtu atakuja na dawa yake.

Mwambie mzee jambo hili kwa maneno yangu. Kwenye kukata kinyama kwa kamera, wanapasua tundu dogo ubavuni, wanaona utando kwa macho, wanachukua vipande, na hapohapo wanakausha maji yote. Wakiona inafaa wanamwaga unga wa talki ili pafu ligande kwenye ukuta wa kifua, maji yakose pa kujaa. Wengi walipumua vizuri kuanzia hapo na sindano za kila mara zikakoma. Kwa hiyo anayechoka kutobolewa ndiye hasa wa kufikiria tundu hili moja. Akiwa dhaifu mno kwa kamera, kinyama kinaweza kuchukuliwa kwa sindano nene huku wakiongozwa na CT au ultrasaundi.

Na mama. Khofu yake ina msingi, sitamdanganya. Mwaka 1965 madaktari wa London walichunguza wagonjwa wa mesothelioma wakakuta miongoni mwao wanawake ambao hawakuingia kiwandani hata mara moja. Kazi yao ilikuwa kukung'uta na kufua nguo za waume zao. Lakini kiasi cha vumbi kina hesabu yake, na ovaroli za likizo si sawa na za kila siku. Wengi waliovuta asbesto, hata waliofanya nayo kazi, hawapati saratani hii. Mama kama hana taabu ya pumzi wala maumivu ya ubavu, aendelee na maisha yake. Siku akienda hospitali kwa kifua, alitaje tu.

Ndugu yangu Pakacha, kombe na dua sisemi kitu, hata mimi wagonjwa wangu nawaombea. Asali na habbasoda ale. Ila visiwekwe pahala pa kipimo. Na kuhusu mapaa, jibu ni kuwa asbesto ya paa imefungwa ndani ya saruji. Ukilala chini ya bati zima huvuti kitu cha kutajika. Baba wa binti huyu alikuwa akivuta vumbi lenyewe, usiku na mchana, kwenye chumba kisicho na dirisha. Hayo hayalingani.

---

Pakacha_Wete

Nimekuelewa Bi Muuguzi. Nilisema kwa huruma, sikujua habari ya Kimberley. Dada, mpelekeni.

---

FundiPaa_Chake

Naomba niingie kidogo. Mimi ni fundi wa mapaa, Chake. Kazi nyingi sasa ni kushusha yale mabati ya asbesto ya majengo ya zamani na kuweka ya kisasa. Vijana wangu huyapiga nyundo yaanguke, ndiyo haraka. Tunajifunga vitambaa puani. Inatosha?

---

MuuguziMstaafu

Haitoshi mwanangu, na nakuomba usimamishe nyundo kuanzia kazi ya kesho. Bati zima halina neno, bati lililovunjika ndilo linalotoa nyuzi. Kitambaa na barakoa za hospitali hazizuii nyuzi hizo, inatakiwa barakoa ya kichujio cha daraja la juu kabisa, iliyokaza usoni, na ndevu zinaiharibu kazi yake. Loweka paa kwa maji kabla ya kugusa. Fungua misumari au skrubu, shusha bati kwa mikono likiwa zima, usilitupe. Usikate kwa msumeno wala mashine ya kukatia. Vipande funga kwenye nailoni nzito mbili, andika kuwa ni asbesto, na uulize wahusika wa mazingira pa kuvipeleka. Usiviponde ukajazia msingi, wala usimwachie mtu afunikie banda la kuku. Usifagie pakavu, futa kwa kitambaa kibichi kisha kitupe pamoja navyo. Nguo za kazi zisiingie nyumbani kwa mkeo.

Vijana wako wana miaka 20. Ugonjwa huu utawakuta wana 60, wewe hupo wa kuulizwa.

---

BintiMkoani

Bi Muuguzi, sijui nikushukuru vipi. Jana usiku nilimsomea baba ulichoandika. Akakaa kimya, kisha akaniambia nimletee lile sanduku lake la bati. Ndani mkatoka kitabu chake cha ubaharia, cha buluu, kimeliwa na mende pembeni lakini kinasomeka. Kila meli ina mstari wake, jina la meli, bandari, tarehe ya kupanda na ya kushuka, cheo, na mhuri wa tabia na kazi. Kila pahala kagongewa "vizuri sana". Akaanza kunieleza meli moja moja, ipi boila zake zilikuwa mbovu, ipi walikuwa wakikata gasketi kwa mkono. Nimeandika yote kwenye daftari. Majina ya wenzake anayakumbuka, wengi wamekufa, na wawili anasema walikufa "kwa kifua".

Amekubali kutobolewa. Na leo mchana amekula sinia moja na sisi.

Nina swali ambalo nyumbani sikuweza kuliuliza mbele ya watu. Ikithibitika, kuna tiba?

---

MuuguziMstaafu

Alhamdulillah. Daftari hilo lina thamani kuliko unavyodhani. Toa nakala, moja iende kwenye faili lake la hospitali, moja ibaki kwako, na kitabu chenyewe usimwachie mtu.

Umeniuliza kwa ukweli nami nitakujibu kwa ukweli. Kuiponya kabisa, mara chache sana. Wengi wanaogundulika hawavuki mwaka mmoja au miwili, na wako wachache wanaokwenda mbali zaidi. Inategemea aina inayoonekana kwenye kinyama. Ziko tatu. Ya kwanza ndiyo iliyo nyingi na ndiyo yenye upole kuliko wenzake, ya pili ni kali, ya tatu ni mchanganyiko. Inategemea pia nguvu za mgonjwa, kama anajiendea mwenyewe chooni, kama anakula.

Dawa zipo za kurefusha muda na kupunguza taabu. Tangu 2004 kemotherapia inayotumika zaidi ni pemetrexed pamoja na cisplatin. Kwenye utafiti wake waliopewa zote mbili nusu yao waliishi zaidi ya miezi 12, waliopewa cisplatin peke yake miezi 9. Akipewa hiyo sharti apewe na vidonge vya asidi ya foliki na sindano ya vitamini B12, visisahauliwe, ndivyo vinavyomkinga na makali yake. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha dawa mbili za kuamsha kinga ya mwili, nivolumab na ipilimumab. Hizo zilifikisha miezi 18 dhidi ya 14 ya kemotherapia, na waliofaidika zaidi ni wenye ile aina kali. Bei yake ni kubwa mno. Msiuze shamba kabla ya kukaa na daktari wa saratani akawaeleza aina ya mzee na faida anayoweza kuipata yeye, si ya mtu wa kwenye karatasi. Kwa kawaida mtavushwa Dar, kwenye hospitali ya saratani ya Ocean Road, nako kuna mionzi. Mionzi kwa ugonjwa huu aghlabu hutolewa pale palipo na maumivu makali.

Na hapa nataka unisikilize sana. Maumivu ya ubavu huu ni maumivu makubwa, yanakula mishipa ya fahamu baina ya mbavu. Panadoli haitoshi. Ipo mofini ya maji, ya kunywa, na inasaidia maumivu na inasaidia pia ile hali ya kukosa pumzi. Watu wetu wanaiogopa, wanadhani ni ulevi au ni dawa ya mtu anayekufa kesho. Si hivyo. Mgonjwa anayeinywa kwa kipimo, kwa saa zake, analala, anakula, anaswali akiwa na akili zake. Usingoje mpaka alie. Muulize daktari tangu sasa. Akianza, apewe na ya kulainisha choo, maana inafunga.

---

MtotoWaNgambo_Cardiff

Shikamoo Bi Muuguzi, na pole dada. Mimi niko Cardiff, mtoto wa baharia pia. Nakuja na jambo moja la huku. Umesema mzee alifanya kazi nchi kavu hapa, kutengeneza meli, mpaka 1983. Kama ni mesothelioma, Uingereza ina sheria ya 2014 inayolipa wagonjwa waliopata vumbi hilo wakiwa wameajiriwa Uingereza kwa uzembe wa mwajiri, na ambao mwajiri wao wala kampuni yake ya bima hawapatikani tena. Inawahusu waliogundulika kuanzia 25 Julai 2012. Muda wa kuomba ni miaka 3 tangu siku ya kugundulika, na mgonjwa akifariki kabla ya kuomba, mke au watoto waliokuwa wakimtegemea wanaweza kuomba. Mwajiri au bima yake akipatikana, basi anadaiwa yeye kwa njia ya wakili.

Tafuta namba yake ya bima ya taifa, iko kwenye karatasi zozote za mshahara au barua za serikali za siku zile. Kwa namba hiyo, mamlaka ya kodi huku hutoa orodha ya waajiri wote waliomkatia michango ya bima hiyo. Na jibu la kinyama liwe na tarehe, jina la ugonjwa limeandikwa wazi, na saini. Bila karatasi hiyo hakuna atakayekusikiliza. Atakayekuja kukuambia umpe pesa kwanza ili akufuatilie, mkimbie.

Mwombe baba akueleze na akubali kurekodiwa kwenye simu, jina la yadi, nani alikuwa msimamizi, nani walikuwa naye zamu. Fanya sasa wakati sauti ipo.

---

BintiMkoani

Namba ya bima ya taifa ipo! Iko nyuma ya kitabu, kaiandika kwa kalamu ya wino. Kurekodi tumeanza baada ya alasiri, wajukuu ndio wanaoshika simu.

Tumepangiwa kinyama wiki ijayo. Boti ya asubuhi kutoka hapa Mkoani. Bi Muuguzi, kuna la kutayarisha?

---

MuuguziMstaafu

Chukua filamu zote na CD ya CT, si ripoti tu. Chukua nakala ya kitabu, daftari lako, kadi ya TB na dawa zake zenyewe. Waambie dawa zote anazokunywa, khasa kama kuna ya kulainisha damu au aspirini, na uwaambie leo kwa simu, usingoje siku yenyewe, kwa sababu huenda wakataka aache kabla. Kwenye boti mkalishe wima, au alalie upande anaouona mwenyewe unampa nafuu ya pumzi. Chukua mto wa ziada.

Kabla hajaingia, muulize daktari vinyama vitasomwa wapi na majibu yatatoka lini, uandike jina la wa kumpigia. Vinyama hupotea njiani kwa kukosa mtu wa kuviulizia.

Na kama kabla ya siku hiyo pumzi zitambana hata akikaa, midomo ikibadilika rangi, usingoje boti ya wiki ijayo. Mpeleke hospitali ya Abdalla Mzee hapohapo Mkoani wamtoe maji kwanza.